Kijiji Kilichojiita Bingwa wa Dunia

Katika nyumba nyingi za askari, Jumamosi jioni ni saa ya mpira. Baba aliyetoka lindo amevua viatu vyake, mama yu jikoni lakini mlango ameuacha wazi, na watoto wameizunguka redio wakingoja matokeo. Majina yanayotajwa karibu yote ni ya timu za miji mikubwa. Mtoto mmoja akiuliza kwa nini timu za vijijini hazisikiki, jibu analopewa mara nyingi ni fupi: vijijini hakuna wachezaji.

Jibu hilo ni rahisi, lakini si la kweli. Liko jibu jingine, nalo limo katika historia ya klabu moja ndogo ya nchi ya Uskoti iitwayo Renton. Klabu hiyo ilizaliwa katika kijiji cha watu elfu chache, ikapanda hata ikajiita bingwa wa dunia, ikaitisha mkutano ulioanzisha ligi ya taifa lake, kisha ikafukuzwa katika ligi hiyo hiyo kabla msimu wa kwanza haujafika mbali. Leo haipo tena. Jambo lililoiua linamhusu kila mwenye nyumba anayetafuta riziki kwa jasho lake.

Bonde la nguo nyekundu

Kijiji cha Renton kiko upande wa magharibi wa Uskoti, mwendo wa kilomita zipatazo 25 kutoka jiji la Glasgow. Kimejengwa kando ya mto Leven, mto mfupi utokao katika ziwa Lomond na kumwaga maji yake katika mto Clyde penye mji wa Dumbarton. Maji ya mto huo ni safi na laini, na kwa sababu hiyo tangu karne ya 18 matajiri walijenga kando yake viwanda vya kupausha nguo za pamba, kuzipiga chapa na kuzitia rangi.

Rangi iliyolipatia bonde hilo jina ilikuwa nyekundu iliyokolea, ambayo haikuchujuka kwa jua wala kwa kufuliwa. Watu wa Ulaya waliiita nyekundu ya Kituruki, kwa kuwa ujuzi wa kuitengeneza ulitoka nchi za mashariki. Majora ya nguo hizo yalipakiwa melini yakauzwa Bara Hindi na kwingineko ng'ambo. Hata katika Afrika ya Mashariki ya karne ya 19, nguo nyekundu ya pamba ilikuwa moja ya bidhaa zilizobebwa na misafara kutoka pwani kwenda bara, nayo iliitwa bendera.

Kazi ya viwanda hivyo haikuwa nyepesi. Wanaume na wanawake walishinda katika mvuke na unyevunyevu, mikono yao ikiwa ndani ya madawa na rangi. Ujira ulikuwa mdogo, na familia nyingi ziliweza kuishi kwa sababu mama na watoto waliokwisha kukua walifanya kazi pamoja na baba. Starehe zilikuwa chache. Jumamosi alasiri, mashine ziliponyamaza, vijana walikwenda uwanjani.

Hapo zamani vijana wa bonde hilo walicheza mchezo wa magongo wa Kiskoti, ambao ulihitaji mbio, kifua na ujasiri. Kisha likaja kabumbu. Klabu ya Queen's Park, iliyoundwa Glasgow mwaka 1867, ndiyo iliyoueneza mchezo huo mpya katika sehemu hizo. Mwaka 1872 ndio uliochezwa mchezo wa kwanza rasmi kati ya mataifa mawili, Uskoti na Uingereza, tarehe 30 Novemba, mjini Glasgow, nao ukaisha bila bao. Mwaka huo huo vijana wa Renton waliunda klabu yao. Katika mji jirani wa Alexandria ikaundwa Vale of Leven, na mahali mto ulipoishia ikaundwa Dumbarton. Klabu zote tatu zilitoka katika bonde moja ambalo mtu angeweza kulitembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nusu siku.

Askari nao walikuwamo katika mwanzo huo. Mwaka huo huo wa 1872, askari wa kujitolea wa kikosi cha bunduki cha Third Lanark, mjini Glasgow, waliunda klabu yao iliyochukua jina la kikosi. Klabu hiyo ilikuwa mpinzani wa Renton kwa miaka mingi.

Pasi dhidi ya chenga

Mnamo mwaka 1873 Chama cha Mpira cha Uskoti kiliundwa na Kombe la Uskoti likaanza kushindaniwa. Renton walikuwa miongoni mwa klabu 16 zilizojiandikisha kwa mashindano ya kwanza. Miaka miwili tu baadaye, yaani mwaka 1875, kijiji hicho kilifika fainali. Kilishindwa mabao 3 kwa 0 na Queen's Park, lakini watu walikwisha kujua kwamba katika bonde la Leven kuna vijana wanaojua mpira.

Ni vema kueleza mpira huo ulikuwa wa namna gani. Huko Uingereza, siku zile, mchezaji aliyepata mpira alikwenda nao mwenyewe, akipiga chenga mpaka anyang'anywe au afike golini, na wenzake walimfuata nyuma wakingoja mpira umponyoke. Waskoti walifanya vingine. Walipeana pasi. Mchezaji alimtazama mwenziwe aliye mahali pazuri zaidi akampa, naye akampa mwingine. Jambo hilo leo linafundishwa kwa watoto wa shule, lakini katika miaka ile lilikuwa geni, nalo liliwapa Waskoti ushindi mara nyingi juu ya timu zenye watu wakubwa na wenye nguvu kuliko wao. Askari yeyote aliyefundishwa kwamba kikosi husonga mbele kwa kulindana ataelewa mara moja siri ya mchezo huo.

Matunda yalionekana. Vale of Leven walichukua Kombe la Uskoti mara tatu mfululizo, mwaka 1877, 1878 na 1879. Dumbarton walilichukua mwaka 1883. Mwaka 1885 ikawa zamu ya Renton: katika fainali walikutana na jirani zao Vale of Leven, wakatoka sare bila bao, na katika mchezo wa marudio Renton wakashinda mabao 3 kwa 1. Katika makombe 15 ya kwanza ya Uskoti, 6 yalikwenda katika bonde hilo moja dogo, wakati jiji la Glasgow, lenye watu zaidi ya nusu milioni, lilipata 8, na yote hayo yalichukuliwa na Queen's Park.

Supu ya kuku

Renton walifika tena fainali mwaka 1886, wakashindwa na Queen's Park mabao 3 kwa 1. Hawakukata tamaa. Walijitayarisha kwa bidii ambayo siku zile haikuwa ya kawaida kwa vijana wasiolipwa. Baada ya kazi za kiwanda walifanya mazoezi ya mbio na ya viungo, na chakula chao kiliangaliwa.

Katika habari ya chakula kuna hadithi ambayo Waskoti husimulia hata leo kwa kicheko. Inasemekana kwamba Renton walikuwa na kinywaji chao cha siri kilichoitwa supu ya kuku, na wapinzani waliamini kwamba nguvu zote za timu zilitoka katika supu hiyo. Siri ilipofichuka, ilionekana kwamba hapakuwa na kuku katika supu. Lilikuwamo yai, nalo lilipigwapigwa ndani ya bilauri ya mvinyo mtamu. Akina mama wanaowalisha wanamichezo nyumbani hawatashauriwa kuiga mvinyo, ila habari ya yai ina maana yake.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana aliyeitwa James Kelly, mzaliwa wa Renton, aliyecheza senta hafu. Kelly hakukaa nyuma kulinda tu. Alipokonya mpira, akaupeleka mbele, akawagawia washambuliaji, kisha akarudi kulinda tena. Wengi humhesabu kuwa mmoja wa watu waliobadilisha kazi ya mchezaji wa nafasi hiyo. Pamoja naye walikuwamo mlinzi Andrew Hannah, Robert Kelso aliyecheza hafu, na washambuliaji Neil McCallum na Harry Campbell.

Tarehe 4 Februari 1888, katika fainali ya Kombe la Uskoti, Renton waliwafunga Cambuslang mabao 6 kwa 1. Ushindi mkubwa kama huo haukuwahi kuonekana katika fainali ya kombe hilo, wala haukufikiwa tena mpaka mwaka 1972, Celtic walipoifunga Hibernian idadi iyo hiyo.

Ngurumo ya Hampden

Mwaka huo wa 1888, Kombe la Uingereza lilichukuliwa na West Bromwich Albion, ambao waliwafunga Preston North End mabao 2 kwa 1. Watu wakauliza: kati ya wenye kombe la Uskoti na wenye kombe la Uingereza, nani zaidi? Swali likapelekwa uwanjani. Tarehe 19 Mei 1888, timu hizo mbili zilikutana katika uwanja wa Hampden, mjini Glasgow.

Siku hiyo mbingu zilifunguka. Mvua kubwa ilinyesha pamoja na radi na ngurumo, uwanja ukawa tope. Katika tope hilo vijana wa kiwanda cha rangi waliwafunga Waingereza mabao 4 kwa 1.

Baada ya ushindi huo Renton walijitangaza kuwa Mabingwa wa Dunia. Maneno hayo yaliandikwa katika uwanja wao wa nyumbani, Tontine Park, ili kila mgeni ayasome kabla hajaingia. Kusema haki, hapakuwa na chama chochote cha kimataifa kilichowapa cheo hicho, na mataifa mengi yalikuwa hayajaanza hata kucheza mpira huo kwa sheria zilizoandikwa. Hata hivyo, kati ya nchi zilizokuwa zikishindana siku zile, hakuna timu iliyokuwa na hoja kubwa kuliko yao. Kikombe cha ushindi huo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya mpira huko Hampden.

Basi mtu aliyekuwa akitembea katika barabara ya Renton majira yale ya joto ya mwaka 1888 angeweza kukutana na bingwa wa dunia akienda kazini asubuhi, mikono yake imeingia rangi.

Riziki yamwita mtu

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Tarehe 28 Mei 1888, siku tisa tu baada ya mchezo wa Hampden, klabu mpya ya Glasgow iitwayo Celtic ilicheza mchezo wake wa kwanza na kuwafunga Rangers mabao 5 kwa 2. Celtic iliundwa ili kukusanya fedha za kuwalisha maskini wa sehemu za mashariki ya jiji, wengi wao wakiwa watu waliohamia kutoka Ireland. Bao la kwanza kabisa katika historia ya klabu hiyo lilifungwa na Neil McCallum. James Kelly naye alikuwamo, akafunga pia. Wote wawili walikuwa vijana wa Renton, na wote wawili walihamia Celtic.

Wengine waliondoka kwenda mbali zaidi. Andrew Hannah alikwenda Everton, akaiongoza kama kapteni ilipochukua ubingwa wa ligi ya Uingereza mwaka 1891. Baadaye akawa kapteni wa Liverpool pia. Harry Campbell alikwenda Blackburn Rovers. Robert Kelso alichezea Preston North End na Everton. Kikosi kilichojiita bingwa wa dunia kilitawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Kwa nini waliondoka? Ili kulijibu swali hilo lazima sheria za wakati ule zijulikane. Uingereza iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885. Uskoti ilikataa. Viongozi wa Chama cha Mpira cha Uskoti waliona kwamba mpira ni mchezo wa ridhaa, wa kuchezwa kwa heshima na kwa furaha, na kwamba fedha zingeuharibu. Mchezaji aliyepokea malipo alihesabiwa kuwa mkosaji, na klabu iliyomlipa iliweza kufungiwa.

Nia hiyo ilikuwa njema, lakini haikuwa na uzito mmoja kwa watu wote. Klabu ya Queen's Park ilikuwa na wanachama wenye kazi nzuri na nyumba nzuri, ambao hawakuhitaji mpira uwape chakula. Msimamo wao waliushika kwa miaka mingi sana, mpaka mwaka 2019 walipoamua kuuacha. Kijana wa Renton alikuwa na hali nyingine. Alipoumia mguu Jumamosi, Jumatatu hakwenda kiwandani, na asipokwenda kiwandani ujira ulikatwa, na ujira ukikatwa waliolala njaa ni mama yake na wadogo zake. Mtu huyo alipofuatwa usiku na wakala kutoka Uingereza, akaambiwa kwamba huko atalipwa kila wiki kwa kazi hiyo hiyo anayoifanya nyumbani bure, ilikuwa vigumu kumtaka akatae kwa ajili ya heshima ya mchezo.

Wanakijiji waliwachukia mawakala hao, na katika miji mbalimbali ya Uskoti inasimuliwa kwamba waliotambuliwa walifukuzwa kwa ghadhabu. Lakini wakala aliyefukuzwa leo alirudi kesho kwa njia nyingine. Tena, ndani ya Uskoti kwenyewe, sheria ilivunjwa kwa siri. Klabu zenye watazamaji wengi zilikuwa na mapato makubwa ya mlangoni, na fedha hizo zilipata njia ya kumfikia mchezaji, ikiwa si kwa mshahara basi kwa zawadi, kwa gharama za safari, au kwa kutafutiwa kazi nyepesi yenye malipo mazuri. Vitabu vya hesabu viliandikwa kwa namna ya kumridhisha mkaguzi.

Aliyejenga nyumba akafungiwa mlango

Mwaka 1888 klabu za Uingereza zilianzisha ligi, ili kila timu iwe na michezo ya hakika na mapato ya hakika. Renton waliona kwamba Uskoti nayo yahitaji jambo hilo. Mwezi Machi 1890 katibu wao, Peter Fairly, aliziandikia klabu nyingine akiziita katika mkutano mjini Glasgow. Barua ile ndiyo iliyozaa Ligi ya Uskoti. Klabu 11 ziliingia, na tatu kati yake zilitoka katika bonde la Leven. Queen's Park walikataa kuingia, wakihofia kwamba ligi italeta mishahara, na kwamba klabu ndogo zitakufa.

Ligi ilianza mwezi Agosti 1890. Wakati huo huo klabu ya St Bernard's ya Edinburgh ilikuwa imefungiwa na Chama cha Mpira kwa kosa la kumlipa mchezaji kwa siri. Ikatokea timu iliyojiita Edinburgh Saints, nayo ikaomba mchezo wa kirafiki na Renton. Renton wakakubali, wakacheza. Chama kilipochunguza kiliamua kwamba Edinburgh Saints ni St Bernard's iliyobadili kanzu tu, na kwamba Renton nao wametenda kosa la kucheza na klabu iliyofungiwa. Kabla mwezi Septemba haujaisha, Renton walifukuzwa. Walikuwa wamecheza michezo mitano ya ligi, na matokeo yote matano yalifutwa katika kumbukumbu kana kwamba hayakuchezwa.

Hivyo ndivyo klabu iliyoitisha mkutano wa kuanzisha ligi ilivyotolewa katika ligi hiyo msimu wa kwanza. Hatia haikuwa ya kutungwa, kwa maana amri ya kutocheza na aliyefungiwa ilikuwapo. Lakini watu wengi waliona kwamba sheria imemkuta mdogo mahali ambapo wakubwa walipita usiku kila siku. Renton walikipeleka chama mahakamani, na msimu uliofuata, wa mwaka 1891, walirudi katika ligi. Walirudi, lakini mwaka mzima wa mapato ulikuwa umepotea, na wachezaji waliokuwa wamebaki walikuwa wametafuta mahali pengine.

Sheria yabadilika, wakati umepita

Mwaka 1893 kiongozi wa Celtic, J. H. McLaughlin, aliwashawishi wajumbe wa Chama cha Mpira cha Uskoti kukubali kwamba kinachofanyika gizani afadhali kifanyike mchana. Malipo kwa wachezaji yakaruhusiwa. Kwa klabu kubwa ilikuwa nafuu. Kwa Renton haikuwa hivyo. Hapo mwanzo walishindwa kuwazuia vijana wao kwa sababu sheria iliwakataza kulipa. Sasa walishindwa kwa sababu hawakuwa na cha kulipa. Hata kama kila mwanamume wa kijiji angeingia uwanjani na kulipa kiingilio, fedha hizo zisingefikia zile za uwanja mmoja wa Glasgow Jumamosi moja yenye mvua.

Katika msimu wa 1893 hadi 1894 walimaliza wakiwa wa mwisho, wakashushwa daraja la pili. Msimu uliofuata walishindwa kutokea katika mchezo wao wa ligi na Dundee Wanderers. Badala yake walikwenda kucheza mchezo wa kirafiki na Queen's Park, uliokuwa na mapato mazuri zaidi, na pointi wakapewa wapinzani wao. Hapo ndipo shida inapoonekana wazi, klabu inapouza pointi zake ili ipate fedha ya kumaliza mwezi.

Pamoja na hayo, mwaka 1895 kijiji kilisimama kwa mara ya mwisho. Renton, wakiwa daraja la pili, walipita raundi baada ya raundi mpaka fainali ya Kombe la Uskoti, ambayo ilikuwa fainali yao ya tano. Na wapinzani wao siku hiyo walikuwa nani? St Bernard's wa Edinburgh, klabu ile ile ambayo kwa ajili yake Renton walifukuzwa miaka mitano nyuma. St Bernard's walishinda mabao 2 kwa 1.

Mwanzoni mwa msimu wa mwaka 1897, baada ya michezo minne tu, Renton walijitoa katika ligi kwa kuwa hawakuweza tena kubeba gharama. Nafasi yao ilichukuliwa na Hamilton Academical. Kwa miaka mingine zaidi ya 20 jina la Renton liliendelea kuonekana katika mashindano madogo, na mwaka 1922 klabu ilikufa. Ilikuwa imeishi miaka 50.

Haikuwa peke yake. Katika klabu 11 zilizoanzisha ligi mwaka 1890, ni 5 tu zilizobaki na kuvuka hadi karne ya 21 ndani ya ligi: Celtic, Rangers, Hearts, St Mirren na Dumbarton. Third Lanark, klabu ya askari wa kujitolea, nayo ilivunjika mwaka 1967. Katika bonde la Leven aliyebaki ligini ni Dumbarton peke yake.

Nani alaumiwe?

Msomaji anaweza kutafuta wa kumlaumu. Wapo watakaowalaumu wachezaji walioondoka, wakisema walikiuza kijiji. Hao yafaa wajiulize kwanza kama wangeweza kumwambia mke mwenye watoto watatu kwamba mshahara umekataliwa kwa ajili ya jina la kijiji. James Kelly alidumu Celtic, akawa kapteni, kisha mkurugenzi, kisha mwenyekiti. Mwanawe Robert naye alikuwa mwenyekiti wa klabu hiyo ilipochukua Kombe la Ulaya mwaka 1967. Jasho la Renton halikupotea. Lilikwenda kunywesha shamba la jirani.

Wapo watakaoilaumu sheria. Sheria ile ilikuwa na kasoro ambayo kila polisi mwenye uzoefu ataitambua. Ilikataza jambo ambalo maskini alilihitaji na tajiri aliweza kulificha. Sheria ya namna hiyo haimalizi kosa. Inamkamata asiyejua kujificha, na yule mwenye akili ya vitabu viwili vya hesabu anaendelea kuheshimiwa barazani. Ilipokuja kurekebishwa, walioumizwa nayo walikuwa wamekwisha kulala chini.

Lakini yapo pia maneno ya kuambiwa klabu ndogo za leo, za kambini, za vijijini na za mitaani. Renton walijua kufundisha kijana, kumlisha na kumpa moyo. Hawakuwa na akiba ya kumsaidia alipoumia, wala njia ya kumtafutia kazi nzuri karibu na nyumbani. Kiongozi wa timu ambaye hujua idadi ya mabao ya mchezaji wake lakini hajui kama nyumbani kwake jana waliwasha moto, asishangae siku mchezaji huyo atakapofunga mizigo.

Kiwanda cha rangi nyekundu nacho kilifungwa katikati ya karne ya 20, na mahali palipokuwa Tontine Park, ambapo wageni walisoma kwamba hapa ndipo kwa Mabingwa wa Dunia, pakajengwa nyumba za watu. Mto Leven ungali ukipita, maji yake hayana tena wekundu.

Basi Jumamosi ijayo, redio inaposoma matokeo, na mtoto akauliza kwa nini vijiji havitajwi, na apewe jibu lililo kamili. Aambiwe kwamba wachezaji wa vijijini wapo, na siku moja mwaka 1888, katika mvua na ngurumo, kumi na moja miongoni mwao walionyesha kwamba hakuna aliyewazidi. Kisha wakarudi nyumbani, wakakuta kwamba jina kubwa haliliki, na mmoja mmoja wakaifuata riziki mahali ilipokuwa.